Mawakala wa Kitanzania Guangzhou: wapi wanastahili pesa yako

Swali la kwanza ambalo mfanyabiashara wa Kariakoo humuuliza wakala wa China ni CBM (mita ya ujazo) moja bei gani. Mawakala wanalipenda swali hilo kwa kuwa jibu lake ni jepesi, na ndilo wanaloshindania kwenye matangazo yao. Lakini bei ya CBM ndiyo sehemu ya huduma yao inayotofautiana kidogo kuliko zote. Makontena yao yanaondokea bandari zilezile, Nansha au Huangpu, yanapanda meli zilezile na kuingia foleni ileile Dar es Salaam. Wakala mzuri na mbabaishaji wanaachana siku mbili tatu kabla mzigo haujafungwa: nani alifungua maboksi, alifungua mangapi, na ulioneshwa nini kabla hujalipa salio. Tathmini hii imegawa alama kwa kipimo hicho.

Wanaotathminiwa ni Watanzania wanaoishi Guangzhou na kuuza huduma ya kununua, kukusanya na kusafirisha mizigo. Wengi ofisi zao ziko Xiaobei, wilaya ya Yuexiu, kuzunguka jengo la Tianxiu, wengine upande wa Sanyuanli karibu na masoko ya ngozi. Wakenya, Waganda na Wakongomani wanafanya kazi hiyohiyo mitaa hiyohiyo, kwa hiyo mengi yaliyomo humu yanawahusu na wao. Kilichowapa nguvu ni korona. China ilifunga mipaka kwa wageni mwishoni mwa Machi 2020 na haikuifungua sawasawa hadi 8 Januari 2023. Karibu miaka mitatu nzima mfanyabiashara wa Dar hakuweza kwenda kuchagua mzigo mwenyewe, na aliyekuwa kule na kibali cha kuishi ndiye aliyekuwa macho yake. Leo Air Tanzania inaruka Dar hadi Guangzhou na visa ya biashara ya aina ya M inaombwa kama kawaida, ila kwa mtu mwenye mzigo wa CBM tano, nauli na hoteli vinamaliza faida kabla hajaagiza kitu.

Kutafuta na kununua

Wakala anayeijua kazi atakutajia mji kabla hajakutumia picha. Samani ni Lecong, Foshan, na vigae pia ni Foshan. Taa ni Guzhen, Zhongshan. Elektroniki na vifaa vya simu ni Huaqiangbei, Shenzhen. Mabegi yanauzwa Guihuagang pale Guangzhou, ila viwanda vyake vingi viko Shiling, wilaya ya Huadu. Vitambaa ni soko la Zhongda, na anayetaka kiwanda anapanda hadi Keqiao, Shaoxing. Vitu vidogovidogo, kuanzia vibanio vya nywele hadi vyombo vya plastiki, ni Yiwu, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Guangzhou, na mzigo wa huko kwa kawaida huondokea bandari ya Ningbo. Wakala aliyeko Guangzhou akikuahidi vitu vya Yiwu kesho asubuhi, jua atavinunua kwa mtu wa kati palepale mjini, na faida ya huyo mtu utailipa wewe.

Maonyesho ya Canton, yanayofanyika Guangzhou tangu 1957, yana awamu tatu kila msimu, Aprili hadi Mei na Oktoba hadi Novemba. Ya kwanza ni mashine na elektroniki, ya pili vifaa vya nyumbani na ujenzi, ya tatu nguo, viatu na vitu vya watoto. Anayekwenda Pazhou, zilipo kumbi zake, awamu ya kwanza kutafuta magauni amepoteza tiketi. Kwa oda ndogo maonyesho hayafai hata kidogo: wengi waliopo pale wanataka oda za kiwandani, na mtu wa katoni kumi watamjibu kwa tabasamu tu.

Siku hizi wateja wengi wanatuma linki ya 1688, mtandao wa Kichina wa kuuza jumla, na kumwambia wakala alipe. Inafanya kazi, na bei inavutia, lakini bei hiyo ni ya soko la ndani la China. Haina usafiri wa kufikisha godauni, mara nyingi haina ankara ya kodi, na haina hati za kutolea mzigo nje. Bidhaa yenyewe imetengenezwa kwa ajili ya Mchina. Birika la umeme la 1688 litachemsha maji Mbagala bila shida, maana kule ni volti 220 na hapa 230, zote hezi 50. Shida ni plagi: yake ina pini bapa, soketi zetu ni za pini tatu za mstatili. Wakala makini anamuuliza muuzaji kama anaweza kubadilisha waya kabla ya kufunga. Asiyeuliza anakuachia wewe ugawe adapta bure dukani.

Kamisheni ya kununua huwa kati ya asilimia 3 na 10 ya thamani ya mzigo, kutegemea ukubwa wa oda na usumbufu wake. Hiyo ni haki yake. Tatizo ni cha juu. Wakala anakubaliana na duka liandike yuan 38 kwa kitu cha yuan 33, tofauti wanagawana, kisha anakutoza na kamisheni juu ya hiyo 38. Wenye kutangaza kwamba hawatozi kamisheni kabisa ndio wa kuangaliwa zaidi, kwa kuwa wanakula mahali ambapo huoni, ama kwenye bei ama kwenye kubadilisha fedha. Kinga yake ni ya kawaida: omba kadi ya duka yenye msimbo wa WeChat, muulize muuzaji bei mwenyewe kwa kutumia tafsiri ya simu, na kwa oda kubwa mlipe muuzaji moja kwa moja kwenye akaunti ya kampuni yake. Wakala anayekubali utaratibu huo, akabaki na kamisheni yake tu, mshike.

Ukaguzi, na kwa nini uwe kabla ya salio

Viwanda vingi hudai asilimia 30 ya kuanzia kazi na 70 kabla ya kupakia. Hiyo 70 ndiyo kamba pekee uliyoishika. Ikishatoka, muuzaji hana sababu ya kupokea simu ya mtu yeyote, na mzigo ukifika Dar ukiwa mbovu, kuurudisha China kunagharimu kuliko thamani yake. Kwa hiyo ukaguzi unaofanyika baada ya malipo ni wa kutoa taarifa ya msiba tu.

Mawakala wengi husema "tunakagua" na maana yao ni kuhesabu maboksi na kupiga picha lebo. Picha ya boksi lililofungwa haikuambii chochote. Kipimo kizuri ni kufungua idadi ya maboksi iliyo kipeuo cha pili cha jumla, ukiongeza moja: katoni 40 zinafunguliwa 8, katoni 100 zinafunguliwa 11. Na wakala ayachague mwenyewe, ya katikati na ya chini ya rundo. Yale ambayo muuzaji anayasogeza mbele kwa mkono wake ni ya maonyesho.

Nini kiangaliwe ndani kinategemea bidhaa, na hapa ndipo ujuzi wa wakala unapoonekana. Kwenye nyaya za umeme, kipande kimenywe kisha uzi mmoja ukwanguliwe kwa wembe. Ukiwa mwekundu juu na mweupe ndani, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Inauzwa kwa bei karibu na shaba, inapata moto, na fundi wa Kariakoo ataigundua siku ya kwanza. Urefu wa roli usisomwe kwenye karatasi. Roli ipimwe uzito na kulinganishwa na mita kumi zilizokatwa. Kwenye fulana, kipande cha sentimita 10 kwa 10 kikatwe na kuwekwa kwenye mizani ndogo ya vito: fulana iliyoagizwa kwa GSM 180 (gramu 180 kwa mita ya mraba) inatakiwa kusoma gramu 1.8. Ikisoma 1.5, umeuziwa 150, na baada ya kufua mara mbili mteja atakuletea kitambaa cha kuchujia chai. Viatu vifunguliwe jozi kwa jozi, kuna maboksi yenye miguu miwili ya kushoto na mengine yenye namba mbili tofauti. Betri za sola zipimwe uzito, kwani betri nyepesi kuliko ile ya sampuli haina kilichoandikwa juu yake.

Sampuli ziwe mbili zinazofanana, zimetiwa saini na tarehe kwa kalamu isiyofutika, moja ibaki kwa wakala na moja ije Dar. Bila hiyo, ubishi wa "rangi siyo hii" hauna mwisho. Omba video ya moja kwa moja wakati wa kufungua. Wenye uwezo wa kufanya haya wapo, ila ni wachache wanaoyafanya bila kuombwa, na wengine hutoza ada ya ukaguzi pembeni. Ilipe. Katika huduma zote za mawakala hawa, ni hii tu tungeipa alama za juu bila kusita inapofanywa sawasawa, kwa sababu hakuna mtu mwingine wa Dar anayeweza kukufanyia.

Kupima mzigo

CBM ni urefu mara upana mara kimo, vyote kwa mita. Katoni ya sentimita 60 kwa 50 kwa 40 ni CBM 0.12, hivyo katoni 40 ni 4.8. Sasa tazama kinachotokea godauni. Boksi likikaa chini ya mengine linavimba tumboni, au wakala analizungushia mfuko na gundi, na mpimaji anaweka futi mahali palipovimba. Sentimita mbili tu kila upande, yaani 62 kwa 52 kwa 42, zinageuza katoni hiyo kuwa 0.1354, na zile 40 kuwa 5.42. Umeongezewa CBM 0.62, karibu asilimia 13, na hakuna aliyeiba kitu. Dai picha ya futi ikiwa kwenye boksi kwa pande zote tatu, na linganisha na vipimo vya kiwandani kabla mzigo haujaingia kontena. Baada ya hapo huna hoja.

Vitu vizito, kama vigae na vyuma, hutozwa kwa uzito au kwa bei yake maalum, kwani kontena la futi 20 hufikia kikomo cha tani kabla halijajaa hata nusu. Wakala anayekupa bei ya CBM kwa vigae bila kuuliza uzito atakurudia na bei nyingine. Ukifika CBM 15 hivi za mzigo wako mwenyewe, acha kichele (kuchanganya mzigo na wa wengine kwenye kontena moja) na uombe bei ya kontena zima la futi 20, ambalo kiuhalisia hubeba kama CBM 28. Mara nyingi tofauti ni ndogo, na unapata hati kwa jina lako.

Kwa ndege hesabu ni nyingine: sentimita zote zizidishwe, kisha zigawanywe kwa 6,000. Katoni ileile ya 60 kwa 50 kwa 40 inatoka kilo 20. Ikiwa ndani kuna wigi zenye kilo 8, utalipia 20. Mabegi na wigi yakandamizwe na kutolewa hewa kabla ya kupimwa. Wakala mzuri anafanya hivyo bila kuambiwa. Pawabanki, betri, vimiminika na poda vina masharti yake na bei yake, na anayekushauri uvifiche katikati ya nguo anahatarisha mizigo ya watu wote waliomo.

"Kila kitu ndani"

Hapa ndipo tunapowapunguzia alama nyingi zaidi. Bei maarufu ya kichele ni ile ya CBM ikiwa na ushuru, bandari na kila kitu, unakuja godauni ya Dar kubeba mzigo wako. Kwa anayeanza ni nafuu ya akili. Lakini tamko la forodha linakuwa na jina la wakala au kampuni anayoitumia. Wewe huna TANSAD (hati ya tamko la forodha), huna risiti ya ushuru, na ile VAT ya asilimia 18 iliyolipwa bandarini huwezi kuidai hata kama umesajiliwa. Ofisa wa TRA akija dukani na kuuliza mzigo umeingiaje, unachomwonesha ni stakabadhi ya godauni na meseji za WhatsApp. Duka linapokua, nafuu ile inageuka deni.

Hatari ya pili ni majirani. Kontena la futi 40 refu hubeba takriban CBM 68; likijazwa na watu wa CBM mbili mbili, ni watu zaidi ya 30 chini ya tamko moja. Mmoja akiingiza simu zisizotajwa, au vipodozi vyenye viambato vilivyopigwa marufuku, kontena lote linasimama, na gharama za kuhifadhi zinahesabiwa kwa siku. Muulize wakala bidhaa gani anazikataa. Asiyekataa kitu chochote ndiye kontena lake litakalokaa bandari kavu wiki tatu.

Ukitaka kuagiza kwa jina lako, wakala akutumie ankara ya bei halisi, orodha ya vifungashio na B/L (hati ya shehena ya meli), na bidhaa zinazohitaji cheti cha ubora cha TBS zikaguliwe kulekule China kabla ya kupakiwa. Bila cheti, mzigo utakaguliwa ukifika, na siku na ada vinaongezeka. Vipodozi viko chini ya TBS tangu 2019, vifaa tiba ni TMDA, simu na vifaa vya redio vinagusa TCRA. Viwango vya kawaida vya ushuru vya Afrika Mashariki ni asilimia 0, 10, 25 na 35, kwa hiyo msimbo wa forodha wa bidhaa uthibitishwe na wakala wa forodha wa Dar kabla ya kununua. Wakala wa Guangzhou anayekutajia ushuru kwa kichwa anakisia. Wanaopitisha Mombasa wana KEBS, shirika la viwango la Kenya, na VAT ya asilimia 16, mengine ni yaleyale.

Pesa na kalenda

Kwenye fedha, tofauti ya asilimia 3 kati ya kiwango cha wakala na cha benki, kwa yuan 100,000, ni yuan 3,000. Hiyo inaweza kulingana na kamisheni yote mliyobishania. Omba kiwango kwa maandishi siku ya malipo, linganisha na benki, ndipo ulipe. Pia kanuni za Machi 2025 zimekataza kutoza bei kwa fedha za kigeni ndani ya Tanzania, kwa hiyo bei ya CBM kwa dola kwenye bango la godauni ya Dar haifai tena.

Meli yenyewe huchukua wiki nne hadi sita kutegemea inashusha wapi njiani. Anayeahidi siku 30 mlango hadi mlango hajahesabu wiki ya kusubiri kontena lijae wala siku za bandarini. Kabla ya Mwaka Mpya wa Kichina wafanyakazi wanaanza kuondoka mapema, viwanda vinafungwa kwa wiki kadhaa na kurudi polepole. Oda iliyoharakishwa siku za mwisho ndiyo yenye kasoro nyingi. Wiki ya kwanza ya Oktoba nayo ni sikukuu. Mzigo wa Desemba uagizwe Agosti, ukichelewa sana mwanzoni mwa Septemba.

Mawakala hawa sasa wana mshindani nyumbani. Kituo kikubwa cha biashara cha Ubungo, kilichofunguliwa 2025 kikiwa na zaidi ya maduka 2,000, kimelengwa kuleta bidhaa za jumla karibu na mnunuzi. Kwa mtu wa katoni tatu za vitu vya kawaida, kuagiza kupitia Guangzhou kunazidi kupoteza maana. Kwa anayetaka rangi yake, lebo yake au kipimo chake, wakala bado hana mbadala.

Njia ya kurudi

Wanapojinadi kama daraja la biashara kati ya nchi mbili, mawakala hawa wanaegemea upande mmoja. Makontena yanakuja yamejaa, na ni wachache kati yao wenye uwezo wa kuuza ufuta, soya au parachichi ya Tanzania kule, ingawa tangu 1 Desemba 2024 China imeondoa ushuru kwa bidhaa zote za nchi maskini zaidi zenye uhusiano nayo wa kidiplomasia, Tanzania ikiwemo. Parachichi ilifunguliwa mlango kwa makubaliano ya Novemba 2022. Mlango huo una makaratasi yake: shamba na kiwanda cha kufungashia viwe vimesajiliwa na forodha ya China, cheti cha afya ya mimea kitolewe na TPHPA, na cheti cha asili ya bidhaa kitoke TCCIA (chemba ya wafanyabiashara), la sivyo nafuu ya ushuru haitumiki. Wakala wa Guangzhou anaweza kukutafutia mnunuzi na kusimama naye wakati sampuli ya ufuta inapimwa unyevu na uchafu. Vyeti vinaombwa hapa nchini, kwa jina la muuzaji. Anayekutoza "ada ya kufuatilia vyeti" kutoka Xiaobei anakuuzia kitu ambacho ofisi yake haiwezi kukitoa.